Kichwa Kimoja, Kliniki Mbili

Ndugu msomaji, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu ambaye hajaugua kipandauso hudhani ni kuumwa kichwa tu, meza kidonge ulale. Wapi! Kipandauso hushika upande mmoja wa kichwa na kudunda kama kengele za tohara mwezi wa Agosti. Mwangaza humchoma mgonjwa, kelele humkera, na tumbo humchafuka hadi atapike. Mama yangu ana maradhi hayo tangu nikiwa shule ya msingi. Yeye huuza mitumba hapa Kitale. Siku kichwa kikipanda, kibanda hakifunguliwi, na siku kibanda kisipofunguliwa, jioni sufuria hukaa kimya.

Kwa kuwa maumivu yalimrudia karibu kila wiki, kliniki moja ilimpa dawa ya kuzuia. Hapa nisikilize vizuri. Kuna dawa za kutuliza, ambazo mtu humeza kichwa kikishaanza, na kuna dawa za kuzuia, ambazo humezwa kila siku, kiume kisiume, ili kisipande mara kwa mara. Ya mama ilikuwa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Ilimfaa sana. Akaanza kulala vizuri, na kibanda kikawa wazi wiki nzima.

Lakini raha haikosi karaha. Nyanya yangu, kukhu kama tumwitavyo, anaishi Bungoma. Jicho lake moja limepofuka kwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, presha hupanda na kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa haufufuki. Balaa ni kwamba aina iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Humwibia mtu macho polepole kutoka pembeni, kama mchwa alavyo nguzo. Tena huandama ukoo, ndiyo maana daktari wa kukhu aliagiza watoto wake wote wapimwe.

Likizo ya Agosti ilipofika nilisafiri na mama. Matatu yetu ilipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, hadi tukateremka Bungoma. Katika kliniki ya macho mama alipimwa. Presha ilikuwa juu katika macho yote mawili, na njia ya maji kutokea ilikuwa nyembamba mno.

"Mama, kuna dawa unayomeza?" daktari akauliza.

"Hakuna, daktari."

Mama hakuwa anadanganya. Kwake yeye, dawa ya kichwa na ugonjwa wa macho ni mambo mawili yasiyojuana. Nikamnong'oneza, "Mama, na kile cha usiku je?" Akafungua mkoba, akatoa vidonge.

Daktari aliweka kalamu chini. Alitueleza kwamba amitriptilini huweza kupanua mboni, na kwa mtu ambaye njia yake ya maji ni nyembamba, mboni ikipanuka njia yaweza kuziba ghafla. Hapo jicho huwa jekundu na kuuma vibaya, mtu huona ukungu, huona duara za rangi kama upinde wa mvua kuzunguka taa, tena hutapika. Lo! Nani nyumbani kwetu asingesema ni kipandauso? Tungemfungia mama chumbani gizani apumzike, kumbe jicho linakufa, nazo saa zinahesabika. Akaitaja na dawa nyingine, topiramati. Hiyo pia huzuia kipandauso, lakini huweza kupandisha presha ya jicho ghafla, mara nyingi katika mwezi wa kwanza, hata kwa mtu ambaye hakuwa na glakoma. Alitukanya pia tusiache dawa kwa hiari yetu, bali tuwaone waliotuandikia.

Mama alipigwa leza, ikatoboa tundu dogo kwenye sehemu ya rangi ya jicho ili maji yapate njia nyingine. Kisha akapewa matone ya timololi ya asubuhi na jioni, pamoja na barua ya kupeleka kliniki ya kichwa huku Kitale. Kliniki hiyo ikamwondoa polepole kwenye amitriptilini, ikamwanzishia propranololi.

Mambo yakawa shwari? Hata! Baada ya wiki mbili mama alianza kuchoka na kushikwa na kizunguzungu. Siku moja nusura aangukie mitumba yake. Jirani mmoja akasema ni njaa, mwingine akasema ni husuda za sokoni. Mimi nilikuwa nimeandika dawa zake zote katika daftari. Usiku huo nikazisoma: timololi, propranololi. Sisi wa chama cha Kiswahili tumezoea kutafuta vina. Nikajiambia, hizi mbili zina kina kimoja, huenda ni ndugu.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikaandamana na mama hadi kliniki, daftari mkononi. Kweli, zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Zote hupunguza mwendo wa moyo, na tone la jicho halikai jichoni pekee, hupenya kuelekea puani likaingia kwenye damu. Mapigo ya moyo wa mama yalipohesabiwa, yalikuwa yameshuka kuliko inavyofaa.

Barua nyingine ikaenda Bungoma. Safari hii daktari wa macho alibadilisha matone, akampa latanoprosti, tone moja kila jicho wakati wa usiku. Propranololi ikaachwa iendelee kulinda kichwa. Chupa ya latanoprosti ikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa wiki 6 mahali pasipo na joto, nasi hatuna friji.

Kwa vile mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kazi ya matone ni yangu. Navuta kope ya chini, nadondosha tone, mama anafumba macho na kubonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika 2 ili dawa isipotelee mwilini. Siku hizi anakula kwa wakati, anakunywa maji na kulala mapema, kwani njaa na kukosa usingizi huamsha kipandauso. Bado kichwa humpanda, lakini si kila wiki. Glakoma nayo haiponi, huzuiwa tu isiendelee kuiba.

Nami nina damu ya kukhu. Macho haya ninayosomea nitayapeleka yakapimwe, na itabidi yapimwe tena na tena maisha yangu yote. Naogopa, sifichi. Lakini naogopa zaidi kutojua.

Basi ndugu msomaji, uendapo nyumbani leo, waulize wazazi wako wanatumia dawa gani, za kumeza na za kudondosha. Ziandike zote katika karatasi moja, na karatasi hiyo iende nao kila kliniki. Madaktari wawili wanaweza kuwa hodari sana na wasijuane, lakini mgonjwa ni mmoja. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa glakoma, hata mwenye macho yafaa aambiwe.