Vikombe Vitatu Kati ya London na Garissa: Kiinimacho cha Mezani Ughaibuni na Nyumbani

Kiinimacho cha vikombe na vipira ni mchezo wa mikono ambamo msanii hupanga vikombe vitatu kifudifudi mbele ya watazamaji, akaweka vipira vidogo juu yake na chini yake, akavifanya vipotee na kuhama kutoka kikombe kimoja hadi kingine, na mwishowe, vikombe vinapoinuliwa kwa mara ya mwisho, vikatokea vitu ambavyo hakuna aliyevitarajia, aghalabu ndimu au malimau yanayokijaza kikombe mpaka ukingoni. Katika miji kama London, Toronto na Minneapolis, ambako Wakenya wengi wenye asili ya Garissa, Wajir na Mandera wamefanya makao, mchezo huu umezoeleka kwenye mikahawa, ukichezwa shibiri chache tu kutoka machoni pa mlaji. Katika Garissa penyewe, mji wa kando ya Mto Tana ambao hoteli zake hazikosi wateja kuanzia alfajiri, kiinimacho si sehemu ya mlo hata kidogo. Ni rahisi kudai kwamba sababu ni dini, na wengi wa ughaibuni hudai hivyo kabla swali halijamalizika. Makala haya yanashikilia kwamba dini ni sehemu ndogo ya jibu, na kwamba sehemu kubwa imo katika mpangilio wa mlo wenyewe: ni wakati gani mtu hungoja, ni nani mwenye ruhusa ya kuikaribia meza yake, na ni nini kinachodhaniwa kutendeka pale mkono unapofichwa.

Vyombo vya mchezo huu vilitoka mezani tangu mwanzo, jambo ambalo shaba iliyosuguliwa ya vikombe vya kisasa hulifanya lisahaulike. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyefariki mwaka 65, aliwataja katika mojawapo ya barua zake kwa rafiki yake Lucilius wafanya viini waliotumia vikombe na vijiwe, na vikombe hivyo vilikuwa vile vibakuli vya siki vilivyowekwa kwenye meza ya chakula ya Warumi. Miaka 1,500 na ushei baadaye, Mwingereza Reginald Scot, katika kitabu chake The Discoverie of Witchcraft kilichochapishwa mwaka 1584, alimwelekeza msomaji atumie vipira vitatu au vinne pamoja na vinara vidogo vya mishumaa, bakuli au vifuniko vya vyombo vya chumvi, yaani kitu chochote chenye uvungu ambacho mwenye nyumba tayari alikuwa nacho. Siri kuu ya mchezo imechapishwa mara nyingi tangu wakati huo hata kuitaja hapa si kumkatia mtu riziki: watazamaji huhesabu vipira vitatu, ilhali vipo vinne au zaidi, na kile cha ziada hukaa kwenye mkunjo wa vidole huku kiganja kikionekana kimelegea na kitupu. Kikombe kinapoinuliwa kwa mkono wa kulia, macho yote hukimbilia kilichofichuliwa, na katika nukta hiyohiyo mkono wa kushoto, ambao umeshuka kando ya meza kana kwamba unapumzika, huchomoa ndimu mfukoni na kuisukuma ndani ya kikombe kinachorudishwa mahali pake. Hakuna wepesi wa ajabu katika tendo hilo, kwa maana mkono huenda polepole kuliko watu wanavyodhani. Kinachohitajika ni kujua kwa hakika lini mtazamaji hatatazama.

Ughaibuni, ujuzi huu ulipata makao mikahawani kwa sababu mkahawa wa huko una muda mtupu. Mteja huketi, huletewa orodha ya vyakula, huagiza, kisha hungoja dakika 20 au zaidi wakati chakula chake kinapikwa, na mwenye mkahawa anajua kwamba mteja anayengoja bila shughuli huanza kutazama saa. Msanii huingia katika pengo hilo, akaenda meza hadi meza kwa dakika chache kila mahali, na hujiondoa mara tu mhudumu anapotokea na sahani, kwani msanii anayechelewesha chakula haalikwi tena. Malipo yake hutoka kwa mwenye mkahawa, kwa saa au kwa usiku mmoja, na bahashishi ya wateja ni nyongeza tu. Chicago ilijulikana katika karne ya 20 kwa mtindo wake wa kiinimacho cha baa na mezani, na jina la mkahawa wa Matt Schulien lingali linatajwa na wapenzi wa fani hii, kwani huko mwenye mkahawa mwenyewe ndiye aliyezunguka mezani akitumbuiza. Mcanada Dai Vernon, aliyezaliwa Ottawa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1992, ndiye aliyeupa mchezo wa vikombe mpangilio unaofuatwa na wengi hadi leo, na alitumia sehemu kubwa ya uzee wake katika Magic Castle ya Hollywood, klabu iliyofunguliwa mwaka 1963 ambako mlo na kiinimacho huuzwa pamoja.

Hoteli ya Garissa haina pengo hilo, au tuseme pengo lake liko mahali pengine. Wali na nyama ya mbuzi hupikwa kwa sufuria kubwa kabla ya adhuhuri, na mteja anayeingia baada ya swala huenda moja kwa moja kwenye sinki kunawa mikono, huketi, hutaja anachotaka bila kuletewa orodha yoyote, na kabla hajamaliza kuulizana habari za mvua na malisho na aliyeketi naye, chakula kimeshafika pamoja na ndizi mbivu na pilipili yake. Wakiwa kundi hula kwenye sinia moja, nalo sinia hilo huijaza meza ukingo kwa ukingo, na mikono ya wote imo ndani yake. Hakuna nafasi ya kuweka hata kikombe kimoja cha shaba, sembuse vitatu, na kumwomba mtu mwenye mafuta na punje za wali vidoleni afunge kiganja juu ya kipira cha uzi ni utovu wa adabu. Muda wa kukaa huanza baada ya kunawa tena, chai inapoletwa kwa chupa, chai ya maziwa ambayo aghalabu ni ya ngamia, na mazungumzo yakanyooka. Saa hiyo hakuna anayengoja chochote. Msanii aliyezoea kuwapoza watu wenye njaa angekuta hapa watu walioshiba, wasio na haraka, na wenye mazungumzo yao wenyewe ambayo angekuwa anayakatiza. Kwa hiyo ni lazima aalikwe, hawezi kujitokeza tu.

Suala la mkono uliofichwa ni zito zaidi, kwani watu wa Kaskazini Mashariki si wageni wa mikono inayofanya kazi mbele ya umati bila umati kujua. Katika masoko ya mifugo ya eneo la Wasomali, ambalo Garissa ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa, iko desturi ya dalali na mnunuzi kushikana mikono chini ya kitambaa au shali na kuafikiana bei kwa kubanana vidole, kila kidole kinachoshikwa kikiwa na thamani yake, huku nyuso zao zikiwa hazisemi lolote. Waliowazunguka huona kitambaa kikitikisika, huona kichwa kikitikiswa na mkono kuachiliwa, kisha kushikwa tena, lakini bei haijulikani mpaka wenyewe wataje, na hata wakitaja si lazima iwe ndiyo. Kwa mtaalamu wa vikombe, hili ni somo la kiwango cha juu. Tofauti ni kwamba ule mkono wa sokoni hauombi kushangiliwa: unaficha kwa sababu kuna fahali au ngamia wa kuuzwa, na kila aliyesimama pale anaijua sababu hiyo na kuiheshimu.

Mkono wa pili uliofichwa unaojulikana Kenya ni wa pata potea, mchezo wa ulaghai wa vituo vya mabasi na mitaa ya Nairobi ambamo mtu huzungusha karata tatu au vifuniko vitatu vya chupa na kumwalika mpita njia aweke pesa juu ya kile anachoamini ndicho, huku wenzake wakijifanya wateja waliobahatika. Kwa ufundi, pata potea ni ndugu wa damu wa vikombe na vipira; kwa makusudi, ni mwizi. Msafiri wa Garissa aliyewahi kushuka basi Nairobi na kuiacha nauli yake hapo hatacheka atakapoona vikombe vitatu vikipangwa mbele ya chai yake, hata kama mpangaji amevaa suti nadhifu na amejifunza kwa miaka London. Ndiyo sababu bahashishi, ambayo ughaibuni ni shukrani ya kawaida, nyumbani ingeugeuza mchezo mzima: pesa ikishawekwa juu ya meza penye vikombe, watazamaji watakuwa wamekwisha kuamua wanachotazama. Malipo yangepaswa kutoka kwa mwenye hoteli peke yake, tena yajulikane hivyo tangu mwanzo.

Kuhusu dini, ambayo hutajwa kwanza na kuchunguzwa mwisho, hali si rahisi kama inavyosemwa. Sihiri ni haramu, na Kurani inapowasimulia wachawi wa Firauni katika Sura ya Al-Aaraf inaeleza kwamba waliyaroga macho ya watu, maelezo yanayofanya waumini wengi waone kiinimacho chochote kuwa jirani wa dhambi hiyo. Hata hivyo Fakhruddin al-Razi, mfasiri mashuhuri aliyefariki mwaka 1210, aliyagawa mambo yanayoitwa sihiri katika aina kadhaa, na mojawapo ikawa ni kuyateka macho kwa wepesi wa mikono, jambo lisilo na jini wala nguvu yoyote ya siri ndani yake. Kuitambua aina hiyo si kuihalalisha, na wanazuoni wanatofautiana juu ya hukumu yake; lakini inaonyesha kwamba fikra ya Kiislamu ilikwisha kuutenga mkono na jini karne nyingi zilizopita. Isitoshe, wasanii waliosifika kwa vikombe kwenye njia ya meli za kuja pwani yetu walikuwa Waislamu wa Misri, wale walioitwa gali-gali, waliopanda meli zilizopita Port Said baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na kuwatolea abiria vifaranga hai chini ya vikombe. Abiria wengi wa meli za Ulaya zilizokuja Mombasa walikutana nao njiani. Sheria ya Kenya nayo, yaani Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67, inamlenga anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu: msanii anayekataa kusema kwamba ni mikono tu anajiweka karibu na dai hilo kuliko anavyotaka.

Yapo mengine madogo ambayo hayapatikani katika vitabu vya fani. Mkono wa kushoto, unaofanya nusu ya kazi London, haupaswi kumkabidhi mtu kitu Garissa. Mwanamke hatashikwa kiganja na mwanamume asiye maharimu wake ili kipira kifichwe humo, kwa hiyo kipira cha mwisho kingewekwa katika mkono wa mtoto, ambaye kwa vyovyote ndiye mtazamaji mkali kuliko wote kwa vile haelekezeki macho kwa urahisi. Na katika mji ulioshuhudia mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako kupekuliwa mlangoni si jambo geni, mtu anayeshusha mkono chini ya meza na kuibuka na kitu ambacho hakikuwapo hawezi kutegemea kwamba kila mtu atapiga makofi.

Yote haya yanaelekea kwenye swali la usiri wenyewe. The Magic Circle, chama cha wafanya viini kilichoanzishwa London mwaka 1905, kina kaulimbiu ya Kilatini inayokataza kutoboa siri, na mwanachama anayeikiuka anaweza kufukuzwa. Seneca angewaunga mkono, kwa kuwa aliandika kwamba akishaonyeshwa namna kiini kinavyofanywa ladha yake humwishia. Lakini Scot aliandika kwa nia iliyo kinyume: alizianika hila za mikono ili waamuzi wa zama zake waache kuwahukumu vikongwe maskini kwa uchawi, na desturi hiyo ya kuanika inaifaa Garissa kuliko kaulimbiu ya London. Mmarekani Teller, wa kundi la Penn na Teller, amesimulia jinsi alivyokuwa akichezea bilauri tupu ya maji na karatasi za kujifutia zilizofinyangwa vipira katika mkahawa mmoja, akagundua kwamba hata yeye mwenyewe, ingawa aliiona kila hatua kupitia kioo, jicho lake lilikifuata kipira kilichoanguka na kuuacha mkono uliokuwa ukipakia kingine. Kutokana na hilo wawili hao walitengeneza mchezo wa vikombe vinavyoonyesha yote yaliyo ndani, nao watazamaji hushindwa kuufuata vilevile. Hoteli za Garissa zina bilauri za kioo za kutosha, na vijiwe vya kuchezea shaksi, mchezo wa Kisomali wa vijiwe 12 kwa kila mchezaji, hupatikana popote penye kivuli cha mti. Atakayeanza na hivyo, akasema waziwazi kwamba vijiwe ni vinne na si vitatu, kisha akawaacha wazee wachague ni bilauri ipi iinuliwe, hatakuwa na kitambaa cha kufichia chochote, na wazee watamkosoa mkono wake wa kushoto kabla ya kukosoa jambo jingine.