Bei ya Simba Aliye Hai

Ukishavuka geti la Lodoare na kupanda hadi ukingo wa kreta, barabara inagawanyika. Magari mengi ya watalii hupinda kushoto, kwenda hotelini, kwenye mteremko wa kuingia kreta au moja kwa moja Serengeti. Wateja wangu wa Nainokanoka hupinda kulia. Kwao ni juu, kuna baridi, na ukungu unaweza kukaa mpaka jua limekuwa kali huku kwetu Karatu. Mlima Olmoti uko hapo hapo, na mto Munge unaotoka kwake unateremka mpaka ndani ya kreta. Maji wanayokunywa ng'ombe wa Nainokanoka asubuhi ndiyo wanayokunywa baadaye simba ambao watu wamepanda ndege kuja kuwapiga picha.

Mimi nauza dawa za mifugo na pembejeo Karatu mjini. Nina daftari la mikopo, na daftari hilo linaniambia mambo ambayo siyasikii redioni. Mtu wa kule juu akichelewa kulipa, mara nyingi ni moja kati ya mawili: ukame, au mnyama ameingia bomani. Mara nyingi ni fisi. Chui naye hubeba mbuzi na ndama. Simba haji kila wiki, lakini akija ndiye anayezungumzwa, maana anaweza kuangusha dume lililokuwa limetengwa kwa ajili ya ada ya mtoto chuoni. Hasara hiyo haionekani kwenye picha ya mtalii. Inaonekana kwenye daftari langu.

Siku hizi neno linalotajwa sana katika mambo haya ni motisha. Tuwape watu motisha walinde simba. Sawa. Ila wafugaji wa nchi hii walijua motisha kabla ya semina yoyote, na yao ilikuwa ya kumuua simba.

Kwa Wabarabaig, kijana aliyemchoma simba mkuki alipewa ng'ombe na ndugu na majirani, na akaanza maisha na zizi lake. Kwa Wasukuma, muuaji wa simba alizunguka nyumba kwa nyumba akicheza, na kila mwenye mifugo akatoa chochote. Kwa Wamasai, heshima ilitangulia mali: jina, wimbo, na kutambuliwa mbele ya rika lake. Tusiyaone haya kuwa ushenzi, wala tusiyapambe. Yalikuwa bima. Simba aliyekufa angeweza kuvamia boma lolote, kwa hiyo kila boma lilichangia zawadi ya yule aliyeweka mwili wake mbele. Aliyefaidika ndiye aliyelipa, na alilipa akimwona machoni anayemlipa.

Shida huja zawadi inapoachana na kazi iliyoizaa. Huko Mpimbwe, mkoani Katavi, watafiti walikuta vijana waliokuwa wakiingia maeneo ya hifadhi kumtafuta simba ambaye hakuwa amegusa mfugo wa mtu, wakamuua, kisha wakatembea vijiji vya mbali wakicheza na kukusanya ng'ombe. Majirani wa simba yule hawakujua alikuwepo, na watoa zawadi wasingeweza kuonana naye kamwe. Biashara imevaa ngozi ya mila. Kilichonifurahisha ni namna ilivyokabiliwa. Mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ulikaa na wazee, na vijiji vyenyewe vikatunga sheria ndogo za kuwabana wachezaji wa uongo, huku sungusungu wakisimamia. Wasukuma hawakuhitaji kufundishwa kwamba simba ana thamani. Waliambiwa tu kwamba kuna watu wanawatapeli, na hilo walilielewa upesi.

Ngorongoro ina hesabu yake. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1959 kwa ahadi kwamba wanyama, mifugo na watu wataishi pamoja, na kumuua simba humo ni kosa. Mwaka 2008 Dennis Ikanda na Craig Packer walichapisha utafiti kuhusu mauaji ya simba ndani ya hifadhi hii, wakitenganisha yale ya kimila na yale ya kulipiza kisasi. Tofauti hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kijana anayetafuta sifa unaweza kumpa sifa nyingine. Kule Kenya, karibu na Amboseli, tangu 2007 Lion Guardians wanaajiri morani kuwafuatilia simba na kuwapa majina, na tangu 2012 kuna michezo ya Olimpiki ya Wamasai ambako kijana anarusha mkuki na rungu mbele ya umati bila damu kumwagika. Huku kwetu KopeLion, iliyoanza 2011, inawaajiri Ilchokuti. Hao wanasoma nyayo, wanawaonya wachungaji, wanatafuta mifugo iliyopotea na kuimarisha maboma. Yaani ujuzi ule ule wa mwindaji, ila mwisho wake si mkuki.

Mzee aliyeibiwa ng'ombe hatafuti sifa. Huyo utampa nini?

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kule juu aliingia dukani, shuka lina vumbi la safari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Biashara?"

"Tunasukuma. Ng'ombe hawajambo?"

Hakujibu hilo. Aliomba dawa kali ya wadudu wa mazao, akaonyesha kwa mikono kiasi anachotaka. Sasa, kilimo ndani ya hifadhi kimekatazwa tangu 2009, na kila mtu Karatu anajua.

"Mzee, kwenu hamlimi. Unakwenda kunyunyizia nini?"

Akacheka kidogo. "Nanyunyizia ng'ombe aliyekufa."

Nilimwambia siuzi. Nikamweleza kuwa sumu haichagui: mbwa wake atakula, tumbusi watakula, na mtoto anaweza kugusa mzoga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine.

"Mama, kijana wangu akichukua mkuki, anafungwa. Nikikaa kimya, naisha. Haya, niambie wewe, nani ananilipa?"

Aliondoka na dawa ya vidonda kwa ajili ya ng'ombe aliyenusurika. Kwa mkopo.

Swali lake ndilo limenifanya niandike haya, kwa sababu mkuki na sumu ni vitu viwili tofauti kabisa. Anayetumia mkuki anataka ajulikane. Jamii inaweza kumsifu, kumkemea, kumwekea masharti. Anayetega sumu hataki kuonekana. Hana wimbo, hana ng'ombe wa zawadi, na hakuna mzee wa rika anayeweza kumzuia, maana hakuna anayejua. Mwezi Aprili 2018, huko Hamukungu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa, 8 kati yao watoto, na sumu ndiyo iliyoshukiwa. Kenya ilipoona simba wanakufa kwa Furadan, kampuni iliyoitengeneza ilianza mwaka 2009 kuinunua tena kutoka madukani. Ni hatua nzuri. Lakini ukiondoa chupa kwenye rafu, hujaondoa hasara kwenye boma. Na tukiukataza mkuki bila kujibu swali la mzee, tunamsukuma kutoka kwenye uwindaji wenye kanuni kwenda kwenye uwindaji usio na sura.

Wapo waliojaribu kulijibu. Jirani na Hifadhi ya Ruaha, ambako Wabarabaig walitoa ng'ombe kwa muuaji wa simba, mradi wa wanyama walao nyama ulioanza 2009 uligeuza mchezo. Vijiji vinafunga kamera porini kwenye ardhi yao, na kila mnyama anayepigwa picha ana alama zake. Walao nyama wana alama nyingi zaidi. Kijiji chenye alama nyingi kinapata zaidi kwa ajili ya zahanati, shule na tiba ya mifugo. Sweden nayo, tangu 1996, haiwalipi Wasami kwa kila swala wa baridi aliyeliwa. Inavilipa vijiji vyao kulingana na idadi ya wanyama hatari waliothibitika kuzaa katika eneo lao. Ukilipa kwa mzoga, kila mtu atakuletea mzoga na mtabishana nani alimuua. Ukilipa kwa aliye hai, unakuwa umeurudisha ule utaratibu wa zamani, umeugeuza tu: anayefaidika analipa. Na kwa simba wa Ngorongoro anayefaidika ni mgeni anayelipia geti, mwenye hoteli, na taifa linalokusanya ushuru.

Hapo ndipo naona jambo ambalo mijadala ya motisha huliruka. Malipo ya kuishi na simba yana maana kwa mtu anayejua ataendelea kuishi hapo. Tangu 2022 familia kutoka hifadhini zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, na mvutano kuhusu nani abaki na nani aondoke haujatulia. Mteja wangu asiyejua kama mwakani atakuwa Nainokanoka atamlindaje simba wa mwaka kesho kutwa? Motisha ni ahadi ya muda mrefu, na ahadi ya muda mrefu haifungwi na mtu uliyemwambia afungashe. Anayetaka simba wapite salama kwenye nyanda hizi za juu aanze kwa kumhakikishia mwenye boma nafasi yake.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumze bei. Mimi, kama muuza dawa, nina maoni. Malipo yafike kabla hasira haijafika kwa muuza sumu. Yapitie kwenye mkutano wa kijiji, hesabu zikisomwa kwa sauti, kina mama wakiwepo, kwa sababu ndama na mbuzi wa nyumbani wako mikononi mwao. Na sehemu yake iwe mtamba, si bahasha. Ng'ombe wa zawadi kila jirani anamwona, anauliza ametoka wapi, na anaambiwa: huyu ni wa simba aliyepita kwetu tukamwacha.