Vikapu 12

Watoto wapenzi, leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, ili ninyi msilirudie.

Nyumba yetu hapa Baraka ina watu wengi. Sisi watawa tu watatu. Pamoja nasi wanakaa vijana tisa waliotoka vijiji vya juu, upande wa Fizi, wapate kusoma. Tena yuko mama mzee anayetupikia, na wajukuu wake wawili. Wakaapo watu wengi hivi, takataka hazikosi: maganda ya muhogo, majivu, magamba ya samaki, na zaidi ya yote mifuko ile myepesi ya plastiki tunayoiita masashe.

Mimi sikupenda kuona kitu kikipotea bure. Seminarini nilifundishwa kwamba mtawa maskini hutunza hata kitu kidogo. Fundisho hilo ni jema, lakini mimi nililifanya fimbo ya kuwapigia wenzangu. Niliandika sheria saba, nikazibandika mlangoni pa jiko. Sashe lisiingie nyumbani. Bugali usibaki. Makala yazimwe mara sufuria inapoepuliwa. Kila jioni nilizunguka nikikagua, na nilipoona kosa niliuliza kwa sauti kubwa, "Nani amefanya hivi?" Wote walinyamaza. Baada ya miezi miwili ua wetu ulikuwa safi kabisa. Nikafurahi, nikasema moyoni, "Nimeshinda."

Hata siku moja, baada ya mvua kubwa, jirani yetu mjane alikuja akilia. Mbuzi wake jike, mwenye mimba, amekufa. Siku kadhaa alikuwa hali majani, na tumbo lake limevimba. Walipompasua walikuta fundo la masashe, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mjane yule alimtegemea mbuzi huyo apate karo ya mwanawe.

Tukashuka katika korongo lililo nyuma ya nyumba yetu. Kumbe, masashe yamejaa humo! Mvua imeyafukua, na mengine yanachukuliwa na maji kwenda ziwani. Yalikuwa yetu. Vijana, kwa kuogopa sauti yangu, walikuwa wakiyafukia huko usiku.

Ninyi mnalijua ziwa letu. Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na nchi nne zinaligawana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Lakini maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga, pale Kalemie. Jani la mgomba likianguka majini huoza upesi. Sashe haliozi hivyo. Hukatikakatika vipande vidogo, na samaki huvimeza. Ndiyo sababu Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019. Hata Kongo ilitoa amri ya kuikataza mwishoni mwa mwaka 2017, lakini sokoni bado tunaiona.

Jioni ile niliwakusanya wote, nikitaka kuwagombeza. Mama mpishi akaomba ruhusa aseme kwanza.

"Mwanangu," alisema, "kila siku uliuliza nani ametupa. Hukuuliza hata mara moja kwa nini tunayaleta."

Akanieleza. Fedha ya chakula alipewa kidogo kidogo, kila asubuhi. Kwa hiyo alinunua kidogo kidogo: chumvi ya siku moja, sukari ya siku moja, mawese ya chakula kimoja. Na kila kipimo muuzaji alikitia katika sashe lake. Siku nyingine alirudi na masashe manane. Na mtu aliyempa fedha kidogo kidogo, kwa kuogopa isipotee, ni mimi.

Kisha akasema, "Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, alianza na nini? Aliwaketisha, akawashibisha. Ndipo alipowaagiza mitume wakusanye vipande, vikajaa vikapu 12. Wewe ulianza na vipande."

Niliona haya, nikakosa jibu. Nikaenda mlangoni pa jiko, nikaibandua ile karatasi.

Majuma matatu nyumba yetu haikununua samaki, mpaka tukampatia mjane mbuzi mwingine. Hakuna aliyenung'unika. Masashe ya korongoni tuliyaokota sote pamoja, nami nikitangulia.

Tangu hapo mama hupewa fedha ya mwezi mzima. Hununua chumvi ya gunia, na mawese bidoni moja ya lita 20. Ndakala twaenda kuzichukua kwa kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba, kama wazee walivyofanya zamani. Maganda ya muhogo twayaanika juani kwanza, ndipo twawapa mbuzi. Majivu twayatia chooni. Bugali wa jana huchomwa juu ya makala, ukaliwa asubuhi na chai. Kila mtu ana zamu yake ya kubeba kikapu cha sokoni. Yangu ni Jumamosi.

Je, masashe yamekwisha nyumbani? Hapana. Juzi kijana mmoja alisahau kikapu, akarudi na masashe mawili. Zamani angeyaficha. Safari hii aliyaleta mwenyewe, akayaweka mezani mbele ya wote. Tuliyaosha, tukayaanika, nasi tutayatumia tena mpaka yachakae. Mimi sikupandisha sauti.

Basi, watoto wapenzi, kesho mkitumwa sokoni, ulizeni kwanza kikapu kiko wapi. Na mkiona kaka au dada amekosea, msianze kwa kumgombeza. Muulizeni kwanza kwa nini.