Likelemba ya Vipande

Ukiingia nyumbani kwa mama yangu hapa Yangambi utakuta kitandani kwake kifuniko kilichoshonwa kwa vipande 12 vya nguo, vitatu kwa upana na vinne kwa urefu. Vipande 8 ni vya vikwembe, vina maua, ndege na rangi za kila aina. Vile 4 vingine ni amerikani tupu, nyeupe, bila ua lolote. Wageni hudhani ni modeli aliyoichagua mwenyewe, na kuna tayeri mmoja aliyeinakili. Mama hawakatazi. Sisi wa nyumbani tunajua kwamba pale penye weupe pana wanawake wanne ambao hawakurudi.

Likelemba kila mtu anaijua. Wanawake wanachanga kila mwezi, wote wanampa mmoja, mwezi unaofuata wanampa mwingine, mpaka zamu izunguke. Wengi huchanga fedha, wengine sukari, wengine sahani, wengine vikwembe vyenyewe. Ya mama ilikuwa ya vipande. Walikuwa wanawake 12, wengi wao wake za wafanyakazi wa INERA, pamoja na walimu wawili na wauzaji wa sokoni. Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakishatoka kanisani, kila mmoja alileta kipande kimoja alichokishona kwa mkono wake, akamkabidhi mwenye zamu, naye mwenye zamu akaongeza cha kwake. Mchana ule ule waliviunganisha, huku wanakula na kusemana. Kabla giza halijaingia mama mmoja alikuwa amebeba kifuniko kizima kichwani anakwenda nacho kwake. Kutia shuka kuukuu kwa chini alijimalizia mwenyewe.

Kazi ya kushona wengi waliirithi. Bibi yangu alijifunza zamani za Wabelgiji, katika zile nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa foyer social. Yangambi wakati ule ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha INEAC, shirika lililoundwa mwaka 1933, na wanaume walifundishwa kahawa, michikichi na mpira. Wanawake walifundishwa sindano. Lakini hakuna Mbelgiji aliyewafundisha kuungana watu 12 kwa mwezi. Hilo walijitolea wenyewe.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana ndipo ugomvi ulipokuwa. Kipande kilikuwa shibiri mbili kwa shibiri mbili, na juu yake upana wa kidole kila upande kwa ajili ya mshono. Sasa shibiri ya nani? Mwezi wa kwanza kila mtu alipima kwa mkono wake, na vipande havikukutana hata kidogo. Kifuniko cha yule mama wa kwanza kilikunjamana kama uso wa mzee. Ndipo wakakata patroni kutoka katoni ya sabuni, ikawa inazunguka nyumba kwa nyumba. Sheria ya pili: kikwembe kifuliwe kwanza. Rangi inayochuja ukiipa nafasi itaharibu kazi ya wenzako 11. Vitambaa vilitoka kwa matayeri, yale mabaki yanayoanguka chini ya mashini. Mengi yalikuwa ya vikwembe vya Sotexki, kile kiwanda cha nguo cha Kisangani, na machache ya waksi ya Uholanzi yaliyoangukia kwetu kutoka katika mavazi ya wake za wakubwa.

Mimi nilikuwa mtoto, nilitumwa kuokota mabaki hayo. Nakumbuka jinsi mama alivyobadilika wiki ya mwisho ya mwezi. Yadi 6 za kikwembe kipya hakuwa na fedha ya kuzinunua; kifuniko cha dukani, usiseme. Lakini kipande kimoja! Kipande kimoja kinashonwa kwa taa ya mafuta, watoto wakishalala, usiku mbili au tatu. Ukubwa wake haumtishi mtu. Na tarehe inajulikana. Mwenzako atakaa pale Jumapili ananyosha mikono, nawe utatia nini ndani yake? Nadhani hilo ndilo lililomvuta mama kuliko kifuniko chenyewe. Kazi nyingine zote za nyumba haziishi wala hazihesabiwi. Hii ilikuwa na mwisho kila mwezi, na kulikuwa na mtu anayeingoja.

Walipiga kura kupanga zamu, na mama akaangukia mwezi wa 12. Walianza Aprili 1996, kwa hiyo zamu yake ilikuwa Machi 1997. Wanaojua historia yetu wameshaelewa. Jumapili ile ya Machi 2 walifika sita tu. Wengine walikuwa wameshafunga mizigo. Tarehe 15 Kisangani ikaanguka mikononi mwa AFDL. Askari waliokuwa wanakimbia walipita kwetu, nasi tulikuwa msituni. Mama alitoka nyumbani na sufuria, mtoto mgongoni, na vile vipande 7 amevifunga kiunoni ndani ya kikwembe. Baba alimgombeza sana: angebeba chumvi!

Ilikuja vita ya pili mwaka 1998, kisha zile siku sita za Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kama vile sisi wenyeji hatumo. Mto ulifungwa, wa chini hawapandi, wa juu hawashuki. Ulipofunguliwa tena mwaka 2003 alifika mwanamke mmoja kutoka Mbandaka, amekonda, nami sikumtambua. Alikaa, akapewa maji, akafungua mfuko wa nailoni.

"Yaya," akamwambia mama, "ile kipande yako iko hapa."

Alikuwa amekishona Machi ile ile, kabla ya kukimbia, akakaa nacho miaka sita. Mama alikipima kwa kifuniko, kikapungua karibu kidole kizima. Walicheka mpaka wakalia. Kumbe ile patroni ya katoni, kila makasi yalipopita kando yake yaliikwangua kidogo, na miezi ya mwisho vipande vilikuwa vidogo kuliko vya mwanzo, bila mtu kujua. Mama alikizungushia utepe mwekundu ili kitoshe. Zile nafasi nne zilizobaki akangoja mwaka mwingine, kisha akanunua amerikani. Jina la nguo hiyo, kwa wasiojua, ni la zamani: ni pamba nyeupe ya viwanda vya Marekani iliyoletwa Zanzibar katika karne ya 19, ikabebwa na misafara mpaka huku kwetu Kongo.

Kutoka Marekani hiyo hiyo ndiko nilikopata sababu ya kuandika haya. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Iowa. Alinitumia picha katika simu, ameketi na wanawake wa kule, kila mmoja ana kipande. Akaniambia kwamba kuna maduka ya vitambaa ambayo kila mwezi yanakupa kifurushi: nguo iliyochaguliwa tayari na maelezo ya kipande kimoja. Unalipa kidogo kidogo, mwezi wa 12 una vipande vyote vya kifuniko. Mchezo huo una mizizi. Gazeti la Kansas City Star lilichapa modeli za vipande tangu mwaka 1928 hadi 1961, na wanawake wa mashamba walizikata na kuzitunza. "Yaya, ni likelemba yetu!" mdogo wangu alisema.

Nilifurahi, lakini nilipofikiri niliona si yetu. Kule kila mtu anajishonea chake. Uzuri wake upo: hakuna wa kwanza wala wa mwisho, hakuna atakayekula zamu yake akatoroka, na wote wanafika mwisho siku moja. Wakati vita inakuja, kila mmoja anakimbia na vyake. Nilimwuliza mdogo wangu kifuniko chake kimefika wapi. Akanyamaza kidogo. Vifurushi vinne viko kabatini, havijafunguliwa. Kazi yake ni ya usiku, anachoka. Duka halimwulizi, limeshalipwa. Hapo ndipo nilipokumbuka mama yangu na ile taa ya mafuta. Yeye naye alichoka.

Karibu zaidi na sisi kuna Wakuba wa Kasai. Wanaume wao hufuma rafia, wanawake huunganisha na kutarizi. Ile sketi ndefu ya sherehe, ambayo mwanamke huizungusha kiunoni mara nyingi, mara nyingine vipande vyake hutoka katika mikono ya wanawake kadhaa wa ukoo mmoja, ndiyo maana unaona modeli inageuka ghafla katikati. Hata marehemu huzikwa navyo. Mama akishika kifuniko chake gizani anaweza kukuambia kipande kipi ni cha nani: huyu mishono yake mirefu, huyu alivuta uzi mno, huyu hakupenda kona.

Mwaka juzi sisi watoto wa wale wanawake, na wake za vijana wanaofanya kazi kituoni, tuliianzisha upya likelemba ya vipande. Patroni safari hii ni ya ubao, seremala ametukatia. Nikasimama na pendekezo langu, nikijiona mwenye akili: kwa kuwa hatari yote humwangukia wa mwisho, mwezi wa kwanza kila mmoja ashone vipande viwili, kimoja cha wa kwanza na kimoja cha wa mwisho, hivyo vya mwisho vifungiwe ndani ya sanduku. Wote wakakubali. Mama peke yake, aliyekuwa amekaa pembeni kama mgeni, akakataa.

"Mkishalipa mbele," akasema, "mwezi wa 12 nani atakuja?"

Nilimjibu kwamba watu wazima wanakuja kwa upendo. Akatikisa kichwa, akaomba chai.

Mwezi wa 12 ulipofika tulifungua sanduku, vipande vyote vilikuwemo, safi, hakuna hata kimoja kilichopungua. Mwenye zamu alikuwa muuza samaki wa kando ya mto, mwanamke mpole asiyelalamika. Aliunganisha kifuniko chake pamoja na watu watatu: mimi, jirani yake, na mama. Wengine walituma salamu. Mmoja alisema mvua.

Tangu hapo tunabishana. Wengine wanataka sanduku libaki, kwa sababu hali ya nchi yetu mnaijua. Wengine wanataka tuliondoe. Mzunguko mpya unaanza Jumapili ijayo, na safari hii mama ameomba kuingia, ingawa uzi anatungiwa na wajukuu. Nilimwuliza anataka zamu gani kabla hatujapiga kura, kwa heshima ya umri wake.

"Mnitie wa mwisho," akasema. "Na zangu musizishone mbele."