Mazabodi Imekufia Wapi?

Fundi akikwambia mazabodi imekufa, muulize imekufia wapi. Mara nyingi hatakuwa na jibu, na simlaumu sana, maana biashara yake ni kubadilisha vitu, siyo kuvipima usiku kucha. Ila wewe ambaye bumu lako limeshagawanywa kabla halijaingia unatakiwa kuuliza, kwa sababu kati ya "imekufa" na "ina doa" kuna shilingi laki tatu na nusu.

Hiyo ndiyo bei aliyotajiwa mwenzangu wa chumba muhula uliopita. Kompyuta mpakato yake ni ya mtumba, ina RAM ya GB 4, na hiyo RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, haichomoki. Ndani kuna Linux, kwa sababu Windows ilikuwa inaiburuza kama mzigo wa kuni. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Leo inawaka vizuri, unafanya kazi mpaka usiku. Kesho inaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe, mstari wa mwisho ukitangaza kwamba kerneli imepatwa na kiwewe na haiendelei. Keshokutwa inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wa korido walishataja kila kitu: virusi, betri, joto, na mmoja akasema ni vumbi la Dodoma, ambalo kwa kweli husingiziwa mengi.

Kuwaka na kutokuwaka tungevumilia. Kilichotutia hofu ni faili. Alikuwa ameingiza hojaji za utafiti wake, zile alizokusanya wakati wa mafunzo kwa vitendo, karatasi kwa karatasi, siku nne nzima. Akahifadhi Alhamisi. Ijumaa faili halifunguki. Akachukua nakala ya kwenye flashi, nayo haifunguki. Kilichomwokoa ni nakala ya zamani aliyomtumia msimamizi wake kwa barua pepe, ikiwa na nusu ya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba tatizo si diski. Diski mbovu isingeharibu na flashi. Kitu pekee ambacho data zote zilikuwa zinapitia, za diski na za flashi, ni kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Tarakimu moja ikigeuka humo njiani, 0 ikawa 1, kompyuta inaandika uongo huo kwenye diski kwa uaminifu kabisa.

Sasa tuelewane kuhusu kerneli. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayotangulia zote na kuzigawia zote nafasi. Inapoamka haijui chochote kuhusu mashine iliyomo. Jambo la mwanzo kabisa inalohitaji ni orodha ya kumbukumbu: kuanzia anwani hii mpaka hii patumike, kuanzia hii mpaka hii pamehifadhiwa, usipaguse. Orodha hiyo inatoka kwa BIOS, na watu wa Linux mpaka leo wanaiita e820, kutokana na namba iliyokuwa inatumika kuiomba kwenye kompyuta za zamani. Ni kama mlezi wa hosteli anavyokukabidhi orodha ya vyumba mwanzo wa mwaka: hivi vya wanafunzi, hiki stoo, hiki cha mitambo ya umeme. Ukimpangia mwanafunzi kitanda kwenye chumba cha umeme, usishangae yatakayotokea.

Na orodha hiyo si ya kuaminiwa kabisa. Zipo BIOS zinazosema sehemu fulani ni huru, halafu zenyewe zinaandika humo kimyakimya wakati kompyuta inaendelea na kazi. Watunzaji wa Linux walihangaika na jambo hili miaka mingi. Kwanza walitenga KB 64 za mwanzo, na ilipofika 2021, toleo la 5.13, wakaamua kwamba kwenye mashine za x86 MB 1 yote ya mwanzo haitagawiwa kwa mtu, liwalo na liwe. MB nzima imetupwa, na hakuna anayeililia. Naupenda uamuzi huo. Hawakukaa kusubiri kila mtengenezaji atubu.

Lakini doa kama la mwenzangu haliwezi kuwemo kwenye orodha ya BIOS, kwa sababu BIOS hailijui. Kwake RAM yote ni nzima. Kwa hiyo kerneli inapewa chumba kibovu kikiwa kimeandikwa "kizuri". Na kwa nini leo inawaka na kesho haiwaki? Hapa ndipo nilipofurahi nilipoelewa: kerneli ya siku hizi hujipangia mahali tofauti kwenye RAM kila inapowaka, kwa bahati nasibu, kwa makusudi, ili mdukuzi asiweze kubashiri ilipo. Siku ikitua mbali na doa, unapata siku njema, na doa linaangukia faili lako la hojaji. Siku ikitua juu ya doa, inakufa kabla hata hujaandika nywila. Ule wote tuliouita uchawi ulikuwa bahati nasibu tu.

Kupima ni rahisi, kinachotakiwa ni uvumilivu. Kuna programu ya bure inaitwa Memtest86+. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na yenyewe inaandika ruwaza za tarakimu kwenye kila pembe ya RAM kisha inazisoma kuona kama zimebaki vilevile. Tuliiacha usiku ikiwa kwenye chaja, tukaombea umeme. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu, na ukisoma safu ya anwani, yote ilikuwa imerundikana sehemu moja, ndani ya MB ya 858. Hakuna kwingine. MB 1 kati ya 4,096. Kwa ajili ya hiyo ndipo mtu alikuwa anaambiwa anunue mazabodi.

Wazo la kuizungushia uzio sehemu mbovu na kuendelea na maisha si geni. Mholanzi Rick van Rein alitengeneza kiraka cha Linux kinachoitwa BadRAM zaidi ya miaka 20 iliyopita kwa ajili hiyohiyo, na Linux ya kawaida ina amri yake ya kuwashia, memmap. Unaiambia kerneli, wakati inaamka, maneno haya:

memmap=1M$0x35a00000

Maana yake: tenga MB 1 kuanzia anwani 0x35a00000. Ile alama ya dola ndiyo inayobeba neno "tenga". Zipo alama nyingine pale ambapo dola inakaa, na kila moja ina maana yake. Alama ya @ ingesema "hapa patumike", kinyume chake kabisa. Herufi moja, na hukumu inageuka.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, anayesoma mambo ya kompyuta, alikuwa ameshalijua hilo kabla yangu. Alikuja, akasoma anwani zetu, akaandika amri hiyo kwenye faili la mipangilio la GRUB, ile programu inayoipakia kerneli, akawasha upya. Kimya. Safari hii hata kile kiwewe hakikuonekana. Skrini nyeusi tupu, kila unapowasha, bila siku njema hata moja. Mwenzangu alinitazama kwa jicho la mtu anayehesabu laki tatu na nusu.

Dawa ilikuwa sahihi. Iliishia njiani. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya, kwenye mstari mmoja ambao ni rahisi kuuruka, kwamba vipakiaji kama GRUB vinaweza kuimeza ile dola pamoja na namba inayoifuata. Kwa sababu kwa GRUB, dola maana yake ni "weka hapa thamani ya kitu chenye jina hili". Inaona $0, inatafuta kitu kinachoitwa 0, haikipati, inaweka hewa. Kinachobaki ni memmap=1M na mabaki yasiyo na maana nyuma yake. Na kerneli ikisoma memmap=1M bila alama yoyote inayoielewa, haisemi "sijaelewa". Inaelewa kitu kingine: kwamba kompyuta hii ina RAM ya MB 1 tu, vingine vyote vifutwe kwenye orodha.

Sasa unganisha na ule uamuzi wa 2021. RAM yote ni MB 1 ya mwanzo. Na MB 1 ya mwanzo haigawiwi kwa mtu. Kerneli imebaki na sifuri, haina hata pa kuweka ujumbe wa kufa.

Naomba niingize la ualimu kidogo, maana ndicho ninachosomea. Tunafundishwa kwamba mwanafunzi hapokei ulichosema, anapokea alichokielewa. Sikuwahi kuuona mfano safi kuliko huu. Mstari mmoja unapita kwa wasomaji watatu. Wa kwanza ni programu ya kuandaa menyu, inayosoma faili la mipangilio kama hati ya amri za kawaida, na kwake dola ni kibadilika. Wa pili ni GRUB, naye kwake dola ni kibadilika. Wa tatu ni kerneli, na ni huyo pekee ambaye dola kwake ni "tenga". Kila msomaji ni mwerevu kwa lugha yake. Tena kila mmoja anatii.

Kinachotakiwa ni kuilinda dola kwa mkwaju unaoegemea nyuma, ambao humwambia msomaji "hii iache kama ilivyo". Lakini kila msomaji akishatii, anautupa mkwaju wake. Kwa hiyo kwenye faili la /etc/default/grub, ndani ya alama za kufungua na kufunga, inaandikwa hivi:

memmap=1M\\\$0x35a00000

Mikwaju mitatu. Msomaji wa kwanza anaigeuza miwili ya mwanzo kuwa mmoja, na wa tatu anautumia kuilinda dola, anamkabidhi GRUB \$. GRUB anautumia ule mmoja uliobaki, anaikabidhi kerneli $ tupu. Imefika.

Ila kwanza ilibidi mashine iwake. Ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift kwa mashine za zamani, menyu ya GRUB inatokea. Unabonyeza e, unauona mstari wa kerneli, unaurekebisha kwa ajili ya safari hiyo moja tu, halafu Ctrl na x. Hapo mkwaju mmoja unatosha, kwa sababu msomaji wa kwanza hayupo. Ikawaka. Ndani ndipo tukarekebisha faili lenyewe, tukaandika sudo update-grub.

Usiishie kufurahi kwamba imewaka. Kumbuka ilikuwa inawaka hata zamani, siku za bahati. Andika cat /proc/cmdline uone ni maneno gani hasa yaliyoifikia kerneli, kama dola ipo. Kisha sudo dmesg, utafute orodha ya kumbukumbu. Sasa zitakuwa mbili: ile iliyotolewa na BIOS, na nyingine ya mtumiaji, ambamo eneo kuanzia 35a00000 mpaka 35afffff limeandikwa kuwa limehifadhiwa. Mwenzangu aliweka kidole kwenye mstari huo akasema, "Kumbe ndiye huyu." Jioni hiyo akaanza kuingiza upya nusu ya hojaji iliyopotea, na nilimsomea namba kwa sauti mpaka saa 6 usiku.

Wa Windows msikasirike, kwenu pia ipo. Amri ya bcdedit ina orodha ya kumbukumbu mbovu, badmemorylist, ila yenyewe inataka namba za kurasa, yaani anwani ikiwa imekatwa tarakimu tatu za mwisho. Eneo letu lingekuwa kurasa 256, kuanzia 0x35a00 hadi 0x35aff.

Na si kila mashine inastahili hangaiko hili. Kama RAM yako inachomoka, ichomoe, safisha miguu yake, pima tena, na ikishindikana nunua nyingine. Kama makosa ya kipimo yametapakaa kila mahali, au yanahama kila unapopima, hilo si doa, na hakuna uzio utakaosaidia. Ujanja huu ni wa RAM iliyochomelewa yenye ubovu uliotulia sehemu moja. Na hata hapo, mafaili yaliyohifadhiwa kabla ya uzio usiyaamini. Yafungue moja moja. Sisi tulikuta picha tatu za mahafali ya kidato cha sita zimekatika katikati, nusu ya watu hawana vichwa.

Tumepima tena mwanzo wa muhula huu. Anwani ni zilezile, hazijaongezeka. Zikiongezeka tutaongeza uzio mwingine kwenye mstari uleule. Kerneli inakubali hadi maeneo manne ya namna hiyo ikiwa bado inajipangia mahali kwa bahati nasibu. Yakizidi manne, inaacha kujihamisha kwenye RAM. Tumetumia moja.