Rujewa: Nondo Usiku, Mto Asubuhi

Mwambie mtu unampeleka laazizi wako Rujewa kwa mapumziko, lazima akuulize: "Kuna nini huko?" Wengi tunaijua kwa jina tu: makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, kwenye bonde la Usangu, unakotoka mchele wa Mbeya tunaousifia mezani. Sasa sikia. Kama wewe na mwenzako mna kamera, hata ya simu, huko kuna shughuli usiku na asubuhi.

Tuanze na usiku. Mvua zikianza, nondo wanatoka kwa fujo. Mimi na mume wangu tulitundika shuka jeupe ukutani gesti, tukawasha taa mbele yake, tukavuta viti. Chagueni usiku usio na mbalamwezi, ili taa yenu isiwe na mshindani. Walikuja wa kijani, wa njano, wa rangi ya kutu, na mmoja mkubwa kama kiganja, mabawa yana madoa ya duara kama macho. Mama mwenye gesti akatushangaa.

"Wanangu, hao sisi asubuhi tunawafagia!"

Nikamwonyesha picha. Akanyamaza, kisha akaomba aione tena.

Huyo mkubwa ana kisa chake. Ni wa jamii ya nondo wa hariri wa porini. Akishaota mabawa hali chochote, maana mdomo wake haufanyi kazi. Anaishi kwa akiba aliyokula akiwa kiwavi. Ana siku chache tu za kutafuta mwenza, na dume humnusa jike kutoka mbali kwa vipapasio vilivyo kama unyoya. Ndiyo maana baada ya saa moja tulizima taa. Sisi picha tumepata, wenzetu wana miadi!

Asubuhi ni zamu ya maji. Nenda kwenye mifereji ya shamba la mpunga la Mbarali, lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Jua likiwa bado chini, mfereji unang'aa na baiskeli zinapita kingoni, picha inajipiga yenyewe. Mto Mbarali unaingia Ruaha Mkuu, ambao huko mbele unaendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini tangu 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika maji wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Nikiwa pale kingoni nikaikumbuka Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883 ikitazama bahari pale Forodhani. Wapenzi wangapi wamepiga picha mbele yake wakijua ipo tu, haiendi popote? Desemba 25, 2020, sehemu kubwa iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Zile picha za fungate sasa zinaonyesha jengo lilivyokuwa.

Kwa hiyo mkifika Rujewa, msipige sura zenu tu. Upigeni na mto, andikeni tarehe na mahali mliposimama. Mwakani rudini mwezi uleule, simameni palepale. Mtajiona mlivyobadilika ninyi wawili, na mtaona maji yamebaki kiasi gani.