Mikono kwenye Cherehani, Masikio Tuyape Nini? Podikasti Nne Tunazozipenda



Sisi mafundi wa kike tunatumia mikono na macho kutwa nzima. Masikio yanabaki bure, na masikio yakikaa bure hujaa maneno ya watu: harusi ya fulani imegharimu kiasi gani, mume wa fulani kafanya nini. Tunajua kwamba kusikia nako tutaulizwa Siku ya Kiyama. Ndiyo maana hapa dukani tukakubaliana kuchagua wenyewe kinachoingia, tukaanza kusikiliza podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyovipakua kwenye simu na kuvisikiliza hata bando likiisha.

Asubuhi tunaanza na dini. Sheikh Yasir Qadhi wa Marekani ana mfululizo wa Sira ya Mtume (S.A.W.) wenye darsa zaidi ya 100. Ni kwa Kiingereza, na chetu ni cha sekondari, basi tunapunguza kasi kwenye simu, na tusipofahamu tunarudisha nyuma. Anayependa Kiswahili, darsa za marehemu Sheikh Nassor Bachu wa hapa kwetu Zanzibar zipo mtandaoni. Bibi harusi mtarajiwa, usingoje wiki ya harusi ndipo utafute mawaidha. Anza mapema na maisha ya Mama Khadija (R.A.), mke aliyemtuliza mumewe siku ngumu kuliko zote, naye alikuwa mfanyabiashara.

Baada ya adhuhuri tunakwenda kwenye mavazi. Articles of Interest, ya Avery Trufelman, ilianza 2018 na inazungumzia nguo tu. Kuna kipindi kizima cha mifuko: kwa nini nguo za wanaume zina mifuko ya maana na zetu hazina? Tulicheka, maana mama zetu walishalipatia jibu kwa kufunga fedha kwenye pindo la kanga. Lakini baibui halina pindo la kufungia. Tangu hapo kila baibui tunalolishona tunalitia mfuko wa ubavuni, na wateja wanarudi kwa ajili ya mfuko huo.

Kipo pia kipindi cha magauni ya harusi, nacho kilitutia hamu ya kujua gauni jeupe limetoka wapi. Lilivuma baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nalo mwaka 1840. Kabla ya hapo, maharusi wengi wa huko walivaa rangi yoyote waliyokuwa nayo. Hili tunawaambia mabinti wanaotujia na machozi kwa sababu gauni wanaloambiwa wavae linakula mahari yote. Jeupe ni mtindo, wala si sharti la nikaha. Mmoja tulimshonea la kijani likampendeza mno, na fedha iliyobaki akanunulia jiko la gesi na mtungi wake. Jiko hilo analipikia mpaka leo.

Kwa biashara, sikilizeni How I Built This ya Guy Raz. Ilianza 2016 na mgeni wa kwanza alikuwa Sara Blakely, aliyeanzisha Spanx kwa akiba yake ya dola 5,000, akiwa bado anauza mashine za faksi mlango kwa mlango. Viwanda vilimkataa, akaendelea kubisha hodi. Kilichotugusa ni kuwa alianza kwa akiba yake, bila ya mkopo. Kwa sisi tunaoikimbia riba, huo ni mfano wa kuuzingatia.

Ya mwisho ni ya upelelezi: Serial ya mwaka 2014, ya Sarah Koenig. Inahusu Adnan Syed, kijana wa Kiislamu wa Baltimore aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya mwanafunzi mwenzake, Hae Min Lee, mwaka 1999. Msiisikilize mbele ya watoto, na msiifanye tamthilia, kwani binti wa watu aliuliwa kweli. Faida yake ni kuona jinsi watu wanavyoikumbuka siku moja kwa namna mbalimbali, kila mmoja akiwa na uhakika wake. Dada, ukiletewa habari ya mchumba wako kwa ujumbe wa simu, kumbuka hilo. Dini yetu imetuamrisha kuthibitisha kwanza. Uchumba mwingi umevunjika kwa neno ambalo hakuna aliyelifuatilia.

Pakueni penye waifai, mwanze na moja tu. Nyingine zina muziki na matangazo, rukeni msiyoyataka. Ikiadhiniwa, zimeni.

Allah ayahifadhi masikio yetu na nyumba zetu, na maharusi wetu awape mapenzi na huruma. Amin.